Wodi Nzima Inapumua Mara Ishirini

Nilikuwa na wagonjwa elfu kadhaa ndani ya kompyuta yangu, wazee kwa vijana, wa pumu, wa nimonia, wa moyo, na wote walikuwa wanapumua mara ishirini kwa dakika. Aliyelazwa asubuhi, ishirini. Aliyekimbizwa chumba cha mahututi mchana, ishirini. Aliyefariki jioni, muda mfupi kabla ya kufariki, ishirini. Niliteremsha jedwali, nikalipandisha, nikazima kompyuta, nikaiwasha upya nikidhani labda macho yananichezea. Ishirini zilikuwa pale pale, zimejipanga kutoka juu hadi chini, hazina hata haya.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa subira. Mume wangu anadai nilikuja duniani nimekunja uso. Lakini hata mtu wa subira angetupa kitu ukutani siku ile. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili ya taarifa za tiba, kozi ambayo katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuielewa. Mama anawaambia majirani nasomea udaktari wa kompyuta, na kwa sababu hiyo majirani huniletea simu zilizoingia maji. Kazi yenyewe si ya ajabu. Hospitali inaandika mambo mengi juu ya mgonjwa, na mtu kama mimi anatakiwa ayafanye maandishi hayo yaseme jambo la maana kabla hali haijaharibika. Tasnifu yangu ilikuwa programu ndogo ya kutoa tahadhari. Muuguzi anajaza joto, presha, mapigo ya moyo na idadi ya pumzi kwenye kishikwambi, programu inaangalia, ikiona mgonjwa ameanza kuzidiwa, taa ya njano inawaka chumbani kwa daktari. Na katika vyote hivyo, kila tuliposoma tuliambiwa kwamba mtu akianza kuzidiwa, pumzi ndizo hubadilika mwanzo.

Sasa programu yangu, maskini, ilikuwa imesoma kwa bidii kuliko mimi. Ilikuwa imejifunza kwamba binadamu hupumua mara ishirini mpaka anapokata roho.

Chuo kilikuwa kimekwisha kuniongezea muda mara mbili. Mara ya pili mkuu wa idara aliniita ofisini kwake, akanikaribisha kiti, akaniambia kwa upole ulionitisha kuliko ukali: muhula huu ukiisha sijatetea tasnifu, jina langu linafutwa na yote niliyosoma yanakwenda na maji. Kwa hiyo ninaposema kwamba ishirini zile zilinikera, nataka nieleweke vizuri. Zilikuwa zinanifukuza chuo.

Nilibeba kompyuta nikaenda kwa msimamizi wangu. Profesa ana ofisi mwisho wa korido, yenye feni inayokereza bila kuzunguka na tasnifu za watu zimerundikwa hadi dirishani, nyingine zinashikilia mlango usijifunge. Wanafunzi tunamwita Tuendelee, kwa sababu ndilo neno analotumia akichoshwa na hoja ya mtu. Yeye ndiye aliyeubuni mfumo mzima wa vishikwambi hospitalini, alipokuwa akitafuta shahada yake ya udaktari, na huwezi kukaa naye kwa muda wa kikombe cha chai bila kukumbushwa.

"Shikamoo Profesa. Hizi pumzi ni za uongo," nikasema.

"Marahaba. Zina nini?"

"Wote ni ishirini. Hata waliokufa."

Aliinamia skrini, akavuta miwani hadi puani, akatazama. "Ishirini ni kiwango cha kawaida," akasema. "Ni afya njema."

"Profesa, huyu alikuwa anakata roho!"

"Basi data zako zina kelele kidogo, makosa ya hapa na pale. Kazisafishe."

"Nisafishe nini? Nikifuta za uongo sibaki na kitu."

Akafikiri. Nje mtu alikuwa anaburuta meza koridoni, na wote wawili tukasubiri amalize. "Kusanya mpya," akasema hatimaye. "Mwezi mmoja, wodi moja. Ongea na wauguzi wawe makini. Haya, tuendelee."

Wodi moja niliyokuwa na ruhusa nayo ilikuwa ya wifi yangu. Ndiye dada wa mume wangu na ndiye muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, mwanamke mpana wa mabega, mwepesi wa miguu, mwenye sauti inayomfikia mtu hata akiwa bafuni. Yeye ndiye aliyenipigania kwa uongozi wa hospitali nipewe data. Tangu siku hiyo ananiita Mama Kompyuta, na kila nikitokea wodini huuliza kwa sauti kama nimekuja kusalimia au kukagua.

"Nimekuja kulia," nikamjibu siku hiyo, nikamwonyesha jedwali.

Alilitazama akiwa amesimama, sindano mkononi. "Ishirini ishirini. Kwani wanatakiwa wapumue ngapi?"

"Wanavyopumua wenyewe, wifi! Huyu hivi, yule vile. Si watu wote sawa."

"Ah." Akanitazama usoni, na nadhani aliona machozi yalikuwa karibu kweli, maana alilainika. "Usilie mbele ya wagonjwa wangu, watadhani kuna msiba. Wewe unataka tofauti?"

"Nataka tofauti."

"Utazipata. Nitaongea na wasichana wa zamu zote. Nenda kalale, una macho mekundu."

Nilikwenda. Na kweli nilizipata. Kila jioni data mpya ziliingia kwenye kompyuta yangu, na zilikuwa tamu mno: kumi na nane, ishirini na mbili, kumi na tisa, ishirini na moja, kumi na saba. Nilichora grafu, ikatoka kilima kizuri cha duara. Nilimpelekea Profesa, akakiangalia kilima kile kwa muda mrefu, akasema hiki sasa ndicho kinachoitwa utafiti, na papo hapo akanipangia siku ya kutetea. Nilirudi nyumbani nikiimba. Mume wangu aliniuliza kama nina homa.

Siku chache baadaye nilipitia wodini kupiga picha mbili tatu za kuweka kwenye tasnifu. Nilipofika kitanda cha kumi na moja nilikuta hakipo. Palikuwa na sakafu tupu na alama nne za miguu ya kitanda. Nikamuuliza mhudumu aliyekuwa akipiga deki kitanda kiko wapi. Akasema kimevunjika mguu, kiko karakana, godoro limeanikwa nyuma, na mgonjwa wake alikwishapelekwa hospitali ya rufaa tangu wiki iliyopita.

Nilishukuru, nikakaa kwenye benchi la wageni, nikafungua kompyuta. Kitanda cha kumi na moja kilikuwa kimepumua ishirini na mbili asubuhi hiyo. Jana yake kumi na tisa. Juzi yake kumi na nane, na joto lake lilikuwa zuri tu.

Sikumbuki vizuri nilivyofika kwenye chumba cha wauguzi. Ninachokumbuka ni kwamba wifi alikuwa anahesabu dawa kwenye trei, na mimi nilikuwa nimeshika kompyuta wazi kifuani na napiga kelele.

"Kitanda kinapumua! Wifi, kitanda ambacho hakipo kinapumua!"

"Punguza sauti."

"Kiko karakana na kinapumua ishirini na mbili!"

"Nimesema punguza sauti." Akafunga mlango kwa kisigino. "Sasa tatizo liko wapi? Si ulitaka tofauti?"

Hapo nilikosa pumzi zangu mwenyewe. Nikaelewa kila kitu kwa mkupuo mmoja. Hawakuwa wameanza kuhesabu. Walikuwa wameniona nalia kwa sababu ya ishirini, wakanionea huruma, na kwa huruma hiyo wodi nzima, zamu zote, ilijitolea kunibunia namba. Kumi na nane kutoka kwa huyu, ishirini na moja kutoka kwa yule, kama watu wanaomchangia bibi harusi. Kilima changu kizuri kilikuwa kilima cha upendo. Nilitamani kucheka na nilitamani kumpiga mtu, na nilishindwa vyote viwili, nikakaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Mmenimaliza," nikasema.

"Tumekusaidia."

"Wifi, mmenimaliza! Nikitetea hiki ni uongo, nisipokitetea wananifuta. Kwa nini lakini? Kwa nini msihesabu tu? Ni kumwangalia mtu kifua dakika moja!"

Wifi aliweka trei chini taratibu, na nilijua nimegusa pabaya. "Dakika moja," akasema. "Haya. Kesho njoo zamu ya mchana. Sindano zangu, dawa zangu, vidonda vyangu. Wewe shika kishikwambi na uhesabu kifua. Dakika moja moja, Mama Kompyuta."

Nilikwenda, tena kwa kiburi, nimevaa viatu vya raba. Mgonjwa wa kwanza alinisalimia nikiwa katikati ya kuhesabu, nikaanza upya. Wa pili alipoona namkodolea macho kifuani alianza kupumua kwa adabu, taratibu, kama anayepigwa picha. Wa tatu nilimpata vizuri hadi karibu na mwisho, mtu wa kitanda cha jirani akaomba maji, nikampa, nikarudi sikumbuki nilifikia ngapi. Wa nne alikuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni na hakutaka kulifunua, na binti yake akaniuliza mimi ni nani na namtazamia nini mama yake. Kishikwambi nacho kilikuwa na tabia yake. Usipojaza pumzi, kitufe cha kuendelea kinabaki kijivu, hakibonyezeki. Huwezi kwenda kwa mgonjwa mwingine, huwezi kuandika dawa, huwezi kufunga zamu. Unaweza kujua joto, presha na mapigo ya mtu, lakini kisanduku kile kimoja kikiwa kitupu mfumo wote umesimama, unakusubiri.

Nilikuwa sijafika hata nusu ya wodi wifi aliponiita kutoka upande wa pili. Mgonjwa alikuwa anatapika, alihitaji mtu wa kumshika kichwa, na alihitaji dripu yake iandikwe sasa hivi. Nilikimbia na kishikwambi. Dripu haikuandikika. Kitufe kijivu. Nilibonyeza, nikabonyeza tena kwa nguvu, wifi anapaza sauti, "Andika bwana, unangoja nini?", mgonjwa anatapika juu ya raba zangu, na kidole changu, bila kuniuliza, kikaandika ishirini.

Kitufe kikawa cha kijani. Tukaendelea.

Baada ya hapo niliwaandikia ishirini waliobaki wote. Sikuchagua hata kumi na tisa. Tulipomaliza tulikaa wawili kwenye chumba cha wauguzi, wifi akanimiminia chai, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunitania. Nilitaka aseme nilikuambia, ili nipate wa kugombana naye. Alikaa tu, anapuliza chai yake, miguu ameiweka juu ya ndoo.

Hasira zangu, zilipokosa pa kwenda, zilimkumbuka aliyekifanya kisanduku kile kuwa cha lazima. Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Profesa kabla hajafika mwenyewe.

"Nataka kuongeza kitufe," nikasema. "Pembeni ya pumzi. Kimeandikwa Sijahesabu. Muuguzi akikibonyeza, anaendelea."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mkwe wake. "Kisanduku kile kimo katika tasnifu yangu ya udaktari. Sura nzima nimeandika juu ya data zisizo na pengo."

"Hazina pengo, Profesa. Zina uongo."

"Ukiweka kitufe hicho hakuna atakayehesabu."

"Hata sasa hakuna anayehesabu!"

"Angalau panajazwa."

"Panajazwa na kitanda kilichovunjika mguu!"

Nikamweleza habari za kitanda cha kumi na moja, tukabishana mpaka katibu muhtasi akachungulia kuona kama tuko salama. Kilima changu kilikuwa kimekufa na wote wawili tulijua. Nisingeweza kukipandisha mbele ya watahini huku kitanda kiko karakana. Mwishowe alinikubalia, lakini si kwa kushawishika. Alitaka nijionee mwenyewe. "Wodi moja, mpaka wiki ya kutetea," akasema. "Kisha utakuja hapa kuniambia data ulizopata ni ngapi."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniumiza. Niliweka kitufe, wauguzi wakakipokea kwa vigelegele, na jedwali langu likawa jangwa. Sijahesabu, Sijahesabu, Sijahesabu, ukurasa baada ya ukurasa. Profesa alipita nyuma yangu maktaba, akainama, akasoma, akanigusa bega. "Nilikuambia," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatabasamu kwa meno. Nilimsubiri aondoke, nikaweka kichwa juu ya meza. Nililia kweli siku hiyo, wala si kwa ustaarabu. Niliwaza nitamwambia nini Mama, ambaye alikwisha kuwaambia majirani siku ya mahafali.

Nilipoinua kichwa bado Sijahesabu zilikuwa zinanitazama, na katikati yake, hapa na pale, namba moja moja. Sikuwa nimezitilia maanani kwa sababu zilikuwa chache. Thelathini na nne. Nane. Arobaini na moja. Thelathini na sita. Hazikuwa na heshima hata kidogo, hakuna aliyezibuni kwa kunifurahisha. Nikaanza kuwafuatilia wagonjwa wenye namba hizo, mmoja baada ya mwingine, bila matumaini yoyote, kwa ubishi tu. Huyu daktari aliitwa mchana ule ule. Huyu alipelekwa mahututi. Huyu aliwekewa oksijeni. Huyu alifariki kesho yake. Hata wachache waliohesabiwa wakakutwa na pumzi za kawaida, wengi wao walizidiwa baadaye.

Nilimpigia simu wifi. "Mnamhesabia nani?"

"Eti nini?"

"Pumzi. Mara chache mnapohesabu, mnamhesabia nani?"

"Yule anayenitia wasiwasi," akasema, kana kwamba nimemuuliza maji hunywewa na nani. "Wengine nahesabu wa nini?"

Hapo nilielewa nilichokuwa nimekaa juu yake. Kabla kifaa chochote hakijasema neno, muuguzi amepita, ameona rangi ya uso, ameona mtu anavyokaa, na moyo wake umeshtuka. Akishtuka ndipo anaposimama kuhesabu. Kitendo chenyewe cha kuhesabu kilikuwa tahadhari, hata kabla ya namba. Na mfumo wetu, kwa kumlazimisha amhesabie kila mtu, ulikuwa umeizika tahadhari hiyo chini ya lundo la ishirini. Niliibadilisha programu. Taa ikawa inawaka muuguzi anapohesabu. Niliijaribu kwa data za wodi, na ikawaona wanaozidiwa mapema kuliko chochote nilichowahi kuunda kwa hesabu zangu ngumu. Niliandika tasnifu upya kwa siku zilizobaki, nikila nimesimama.

Siku ya kutetea chumba kilikuwa na joto na meza ndefu. Mkuu wa idara alikaa katikati, Profesa kulia, na kushoto mtahini wa nje, mama mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye alikuwa amesoma tasnifu yangu neno kwa neno. Niliona karatasi za rangi zimechomoza kila upande. Nilieleza yote. Nilieleza ishirini, nikaeleza kitanda cha kumi na moja, na mtahini akacheka hadi akatoa kitambaa. Nilieleza kwamba nami niliandika ishirini mchana mmoja, na hapo hakucheka, aliandika kitu. Kuhusu aliyebuni kisanduku nilisema tu kwamba ndivyo mfumo ulivyokuwa. Profesa alitazama dari muda wote. Nilipomaliza mtahini alisema ni muda mrefu hajasoma kitu kilichomfanya asahau chai yake.

Waliniambia nitoke nje, kisha wakaniita. Mkuu wa idara alisimama, akanipa mkono.

"Hongera. Umefaulu, kwa sharti la rekebisho moja," akasema. "Jopo limeguswa sana. Umethibitisha kwamba kuhesabu pumzi kunaokoa maisha. Kwa hiyo tumeona, na mtahini wetu ameunga mkono kwa moyo wote, kwamba kitufe cha Sijahesabu kiondolewe na kila mgonjwa ahesabiwe. Tutapendekeza hospitali zote. Rekebisha sura ya mwisho iseme hivyo. Saini hapa tu, tumalize."

Nilidhani ni utani. Niliwatazama mmoja mmoja. Mtahini alikuwa ananitabasamia kwa upendo wa kweli kabisa. Profesa naye alikuwa ameshusha macho kutoka darini, ametulia, kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake.

"Naomba dakika moja," nikasema, nikachukua ile karatasi nikatoka.

Wifi alikuwa koridoni. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake ili awepo, na alikuwa bado na sare, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Aliruka. "Umepita?"

Nilimpa karatasi. Aliisoma midomo ikimchezacheza, akairudia. Nilisubiri apandishe sauti ile ya kufika bafuni. Nilitaka aipandishe, aingie mle ndani awapasue. Badala yake aliikunja vizuri, akanirudishia, akanitengeneza kola ya shati.

"Saini," akasema.

"Wifi!"

"Saini, uchukue shahada yako uende nyumbani. Umekonda. Sisi usitufikirie, tutaandika ishirini. Tumezoea."

Alilisema kwa wema, kama mtu anayekupisha kitini. Nilikuwa nimekasirika miezi yote ile, nimemkasirikia kila mtu, lakini sasa naona kwamba ilikuwa mazoezi tu. Hasira yenyewe ilinifika pale, na haikuwa na kelele. Nilirudi ndani bila kubisha hodi.

"Siwezi kusaini," nikasema.

Mkuu wa idara alikuwa ameanza kukusanya karatasi. "Unajua muhula unaisha lini?"

"Najua."

"Na unajua maana yake?"

"Najua, mzee. Lakini nimetoka hapo nje sasa hivi, na muuguzi mkuu ameshaniambia watakachoandika. Wataandika ishirini. Si kwa ubaya. Mtawapa kisanduku cha lazima na watakijaza, na yule atakayekuwa anakufa atakuwa na ishirini, na taa haitawaka, na kwenye sura yangu ya mwisho itakuwa imeandikwa kwamba nilitaka iwe hivyo. Mimi sitaki."

Mtahini wa nje alivuta tasnifu yangu, akafungua penye karatasi ya kijani, akasoma tena aya ambayo bila shaka aliwahi kuisoma, na tabasamu likamwisha kidogo kidogo. Profesa akakohoa. Nilidhani atasema neno lake. Akasema, "Kitufe kiachwe hadi jopo litakapokaa tena," kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na hakumtazama mtu.

Jopo halikukaa tena muhula ule. Mtahini aliwaandikia kwamba hayuko tayari kunifelisha na hayuko tayari kunifaulisha, wakabishana wao kwa wao, na mwisho wa ubishi wao nimeongezewa muda mara ya tatu, jambo ambalo chuoni kwetu halikuwahi kusikika. Kitufe na taa yangu vimeachwa vifanye kazi wodini kwa wifi hadi hapo. Mama ameacha kuwasalimia baadhi ya majirani. Wifi alinigombeza njia nzima siku ile mpaka sauti ikamkauka, na tangu hapo kila akiniona ananiita Bila Cheti.

Jana alinipigia, anahema, kunilaumu. Kwa ajili yangu hakunywa chai, akasema. Kulikuwa na mama mmoja kitanda cha dirishani ambaye wifi hakupenda jinsi alivyokaa; akamhesabia, taa ikawaka, daktari akaja mbio na akawatoa jasho wodi nzima. Mama yule yuko oksijeni, anaongea, ameomba chanuo. Nikamuuliza vipi wagonjwa wengine wote, aliwaandikia nini asubuhi hiyo.

"Sijahesabu," akasema wifi, bila aibu hata kidogo.